Sura ya Tano: Tarehe ya Kwanza Haiguswi

Kwenye ubavu wa jenereta moja ya pampu, si mbali na Nawoitorong, Turkana, kuna maandishi ya kalamu nyeupe yaliyoanza kufifia kwa jua: SEVISI 4,250. Shibiri mbili kutoka hapo, nyuma ya kioo kilichokwaruzwa na mchanga, kuna mita ya saa. Siku niliyofika ilikuwa inasoma 4,611. Kadi iliyofungwa kwa waya kwenye bomba la dizeli ilionyesha kwamba sevisi iliyotangulia ilifanywa mita ikisoma 4,000. Oili iliyokuwamo ndani ilikuwa imetiwa ifanye kazi saa 250, na ilikwisha kufanya 611.

Nilichomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa nyeusi tii, na nilipoisugua kati ya kidole gumba na cha shahada nikahisi chembechembe. Hata hivyo jenereta ilinguruma vizuri tu. Maji yalikuwa yanatoka, akina mama walikuwa wamepanga mitungi yao ya manjano kwenye mstari, na birikani mbuzi walikuwa wanakunywa wakisukumana. Hakuna aliyelalamika, maana hakukuwa na la kulalamikia bado.

Alasiri hiyo, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliomba nionyeshwe kisima kilekile kwenye programu ya kupangia matengenezo. Kilikuwa na alama ya kijani. Safu ya tofauti ya ratiba ilisema: sifuri. Aliyepanga kazi hakuwa mwongo. Tarehe ya sevisi ilipofika gari lilikuwa bovu, akaisogeza wiki mbili mbele. Ilipofika tena, filta zilikuwa bado ziko njiani kutoka Eldoret, akaisogeza tena. Programu ilimruhusu, na kila aliposogeza ikahesabu upya kutoka tarehe mpya. Kwa hesabu yake, kazi ambayo tarehe yake bado haijafika haiwezi kuwa imechelewa.

Sura hii inahusu namba ile ya sifuri, na jinsi ya kuizuia isizaliwe.

*

Turkana ni mahali pagumu pa kutunzia mashine, na ni vyema msomaji aelewe ugumu huo kabla ya kuanza kuwahukumu mafundi. Lodwar imekaa kando ya mto Turkwel, na ukiacha kingo za mto zenye migunga na mikoma, kinachobaki ni changarawe, vumbi na joto. Kwenda Kakuma ni takriban kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Njiani kuna laga, vijito vikavu ambavyo mvua ikinyesha milimani kusikoonekana hujaa kwa saa moja na kukufungia barabara hadi kesho yake. Kuna mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero, ambao mwiba wake hutoboa tairi la Landkruza kama sindano. Spea zinatoka Kitale au Eldoret, na nyingine hazipatikani mpaka Nairobi.

Maji yenyewe yako chini. Mnamo Septemba 2013 ilitangazwa kwamba kuna hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, katika bonde la Lotikipi na jirani na Lodwar. Habari ilizunguka dunia nzima. Baadaye vipimo vya Lotikipi vikaonyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Mwaka huohuo wa 2013, chini ya katiba ya 2010, huduma za maji ziliingia mikononi mwa serikali za kaunti. Kati ya habari hizo mbili, hii ya pili ndiyo inayomgusa mama mwenye mtungi kila siku, kwa kuwa tangu hapo swali limekuwa ni nani anayetunza pampu iliyopo, na anaitunza lini.

Kakuma ni funzo la pekee. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa 1992 kando ya laga ya Tarach, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Watu wote wale wanategemea visima virefu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi limeweka lengo la lita 20 kwa mtu kwa siku. Tuchukue kisima kinachotoa lita 10,000 kwa saa na kinachosukumwa saa 8. Kikisimama siku moja zimepotea lita 80,000, yaani haki ya siku nzima ya watu 4,000. Siku tatu za kungojea filta zikiandikwa kwenye ripoti zinachukua nafasi ya tarakimu moja.

*

Tofauti ya ratiba, kwa maneno mepesi, ni siku kazi ilipofanyika ukitoa siku ilipopangwa kufanyika. Ilipangwa tarehe 10, ikafanyika tarehe 14: tofauti ni +4. Ikifanyika tarehe 8, ni −2. Wasimamizi wa miradi mikubwa ya ujenzi wana namna yao nyingine waliyoirithi kutoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo mwaka 1967 iliwataka makandarasi wake wapime kuchelewa kwa thamani ya kazi, yaani dola za kazi iliyofanyika ukitoa dola za kazi iliyopangwa. Hiyo inafaa kwa manowari. Kwa pampu ya Nawoitorong, siku zinatosha, na baadaye tutaona saa zinatosha zaidi.

Kutoa tarehe moja kwa nyingine ni jambo la mtoto wa darasa la tatu. Kinachotushinda ni kukusanya tofauti nyingi na kusema neno moja la kweli kuzihusu. Tuseme kisima kimoja kilifanyiwa sevisi sita katika nusu mwaka, na tofauti zake ni hizi: +2, −6, +11, −7, 0, 0. Jumlisha. Utapata sifuri. Wastani ni sifuri. Meneja anayesoma ripoti ataona kisima kilichotunzwa kwa usahihi wa saa ya ukutani, ilhali safari moja ilichelewa siku 11 na nyingine mbili zilifanywa mapema kiasi cha kutupa oili iliyokuwa bado nzima.

Dawa yake ni kuondoa alama za kujumlisha na kutoa, kisha kupima ukubwa wa kukosea peke yake. Hapo jumla inakuwa siku 26, na wastani unazidi siku 4 kidogo. Kipimo cha pili kinachotumiwa sana na wapangaji wa matengenezo ni dirisha la asilimia 10: kazi ya kila siku 30 inahesabiwa kuwa imefanyika kwa wakati ikiwa imeangukia ndani ya siku 3 kabla au baada, ya kila siku 90 ndani ya siku 9. Kwa kisima chetu, ni sevisi tatu tu kati ya sita zilizoingia dirishani. Nusu. Linganisha na ile sifuri ya mwanzo.

Mimi napendelea kuonyeshwa namba tatu pamoja: ngapi ziliingia dirishani, ukubwa wa kukosea kwa wastani, na kuchelewa kubaya kuliko kote. Hiyo ya tatu wengi huiacha kwa kuwa inaaibisha. Lakini injini haifi kwa wastani. Inakufa kwa ile safari moja ya +11, au ya +40.

*

Namba zote hizo ni bure ikiwa tarehe ya kwanza inaweza kufutwa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Tarehe ya sevisi ni ahadi. Inaahidiwa mashine, na kupitia mashine inaahidiwa kamati ya maji na kila anayeweka mtungi wake kwenye mstari. Ahadi inaweza kuvunjwa kwa sababu njema kabisa. Laga ya Kawalase ikifurika hakuna fundi atakayeogelea na kopo la oili kichwani. Mpangaji ana haki ya kuweka tarehe mpya. Asichokuwa na haki nacho ni kuifanya tarehe ya zamani isiwe imewahi kuwepo. Kwa hiyo programu inapaswa kuwa na sehemu mbili: tarehe ya kwanza, ambayo ikishaandikwa imefungwa, na tarehe ya sasa, ambayo mpangaji anaweza kuisogeza mara mia. Tofauti ya ratiba ihesabiwe kutoka ya kwanza. Mara ngapi tarehe ilisogezwa nayo ihesabiwe, iwe safu yake yenyewe. Programu nyingi zinaweza kufanya hivyo. Mara nyingi ni mpangilio mmoja tu ambao hakuna aliyeambiwa auwashe siku ya kuiweka.

Kisha kuna suala la tarehe ya kumaliza, ambalo sikulijua mpaka nilipokaa na mafundi. Nilikuwa nimetazama orodha ya kazi zilizofungwa nikashangaa kwamba karibu zote zilimalizika Ijumaa. Nikamwuliza fundi mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa ameketi kwenye ekicholong, kigoda chake, chini ya kivuli cha mgunga, akisafisha filta ya hewa kwa brashi.

"Ejok, fundi."

"Ejok noi. Karibu."

"Mzee, mbona kazi zenu zote mnazimaliza Ijumaa?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini jua huchwea magharibi.

"Kijana wangu, kule visimani kuna netiweki? Tunafanya Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ijumaa tunarudi Lodwar, ndipo tunaandika. Hiyo kompyuta inaandika siku yake, haiandiki siku yangu."

Haiandiki siku yangu. Programu ilikuwa inarekodi siku ya kuandika na kuiita siku ya kufanya. Kazi iliyofanywa Jumatatu, ndani ya dirisha kabisa, ilionekana imechelewa siku nne, na fundi mwaminifu akaonekana mvivu. Wakati huohuo mwingine ambaye hakwenda kabisa angeweza kufunga kazi akiwa mjini, ikaonekana nadhifu. Ndiyo maana nasema kila kazi iwe na tarehe tatu: iliyoahidiwa kwanza, iliyofanyika, na iliyoandikwa. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili ndiyo tofauti ya ratiba. Pengo kati ya ya pili na ya tatu ni suala la ofisi na netiweki, na fundi asibebeshwe.

*

Siku zenyewe nazo zina kasoro. Mashine haijui kalenda. Jenereta inayofanya kazi saa 8 kwa siku hufikisha saa 250 baada ya mwezi mmoja hivi. Ikifanya kazi saa 16, inafikisha baada ya siku 16. Ukipanga sevisi kila tarehe mosi na ukaifanya kila tarehe mosi bila kukosa, ile ya kwanza umeitunza vyema na ya pili unaiua kwa utaratibu mzuri.

Watu wa Turkana waliliona hili katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo. Mabwawa na visima vya kuchimbwa kwa mkono katika laga vinapokauka, mifugo ya mbali huhamia kwenye visima virefu, na pampu iliyozoea kupumzika jioni inasukuma usiku. Ukame, kwa hiyo, huongeza saa za mashine palepale unapopunguza subira ya watu. Ratiba ya kalenda haioni chochote, kwa kuwa tarehe ni zilezile. Ratiba ya saa ingekuwa inapiga kelele.

Kwa jenereta na kwa kila kinachochakaa kwa kuzunguka, pima tofauti kwa saa: mita ilisoma ngapi siku ya sevisi, ukitoa ilivyopaswa kusoma. Jenereta ile ya mwanzo wa sura ilikuwa +361, na hakuna mpangaji angeweza kuisogeza mita kwa kubofya. Kwa paneli za sola, ambazo sasa zinaendesha visima vingi vya eneo hili, kalenda inatosha, kwa sababu vumbi la Lodwar halingojei mashine iwashwe. Paneli huchafuka hata zikiwa hazina kazi.

Je, mita isomwe na nani, kisima kikiwa umbali wa nusu siku kwa gari? Kenya ina majibu mazuri ya swali hili, na tunapaswa kujivunia. Huko Kyuso, Kitui, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu za mkono, vikahesabu jinsi mkono unavyopanda na kushuka, na kutuma habari kwa ujumbe wa simu. Mkono ukinyamaza, fundi anajua. Muda wa kungojea matengenezo ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa FundiFix, inayohudumia jamii za Kwale na Kitui. Kaskazini, Turkana ikiwemo, vifaa vya aina nyingine vimefungwa kwenye visima virefu, vinavyosikiliza umeme unaokwenda kwenye pampu na kutuma habari hata pasipo na netiweki ya simu. Kifaa kinachojua pampu iliwaka lini na ikazimwa lini kinajua saa za mashine, na kwa hiyo kinaweza kumwambia mpangaji sevisi inakuja lini hasa. Nadhani matumizi haya yamepewa uzito mdogo mno. Wengi wamevitazama vifaa hivi kama king'ora cha kuharibika, wakati vinaweza kuwa mita ya saa inayosomeka kutoka Lodwar.

Pasipo na kifaa, kuna mwendesha pampu. Picha moja ya mita, kila Jumapili, kwa simu. Ni bei ya bando dogo.

*

Kosa jingine linaingia kimya kimya. Ukimaliza sevisi kwa kuchelewa, ijayo ihesabiwe kutoka wapi? Programu nyingi, usipoziambia, huhesabu kutoka siku uliyomaliza. Tuseme kazi ya kila siku 30 inachelewa siku 5 kila mara. Kila ripoti itasema +5, kitu kidogo. Lakini mzunguko wenyewe umekuwa wa siku 35, na mwisho wa mwaka umefanya sevisi 10 badala ya 12. Mbili zimeyeyuka na hakuna safu inayozionyesha. Ukihesabu kutoka tarehe iliyopangwa, ratiba inabaki palepale na kuchelewa kunaonekana.

Kwa upande mwingine, mwenye kushikilia tarehe zisizosogea anaweza kumtuma fundi kilomita 120 kwenda kumwaga oili yenye siku tano. Nimewahi kusikia mabishano ya asubuhi nzima juu ya jambo hili. Msimamo wangu: ukaguzi, usafishaji wa paneli na vipimo vya maji vifuate tarehe zisizosogea; oili na filta vihesabiwe kutoka mita ilivyosoma siku ya sevisi, lakini mwisho wa mwaka mtu ahesabu sevisi zilizofanyika dhidi ya zile ambazo saa za mashine zilidai. Ikiwa mashine ilifanya saa 3,000, zilidaiwa 12. Zimefanyika ngapi?

Na kila tofauti iliyotoka nje ya dirisha iandikiwe sababu, kwa maneno machache yaliyokubaliwa: spea, mafuta, gari, barabara, usalama, fedha. Orodha ikizidi sababu saba au nane, fundi aliyechoka atachagua ya kwanza iliyo juu, na nyote mtaamini kwamba tatizo la Turkana ni hilo. Baada ya miezi michache orodha hiyo inakuwa na thamani kuliko namba yenyewe. Kama kuchelewa kwingi kumeandikwa "spea", kuongeza mafundi ni kutupa fedha. Kinachotakiwa ni rafu yenye filta za miezi sita hapahapa Lodwar. Kama ni "barabara", na yote yameangukia Aprili na Novemba, basi sevisi za upande wa pili wa laga zipangwe Machi na Oktoba, kabla ya mvua. Ratiba yenye akili huvunja ulinganifu wake kwa makusudi.

*

Nilirudi Nawoitorong wiki tatu baadaye. Oili ilikuwa imebadilishwa, na ubavuni maandishi ya zamani yamefutwa kwa kitambaa chenye dizeli. Sasa palisomeka: IMEFANYWA 4,688. IJAYO 4,938. Mwendesha pampu, kijana mwenye kofia iliyopauka, alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha ya mita kila Jumapili jioni.

Ofisini walikuwa wamefunga safu ya tarehe ya kwanza. Ubao uliokuwa wa kijani tupu sasa ulikuwa na visima vyekundu kumi na kimoja, na mpangaji alikuwa amekaa mbele yake mikono kifuani. Hakuwa amefurahi. Bosi wake alitarajiwa Jumatatu na angeuliza mbona mambo yameharibika ndani ya wiki tatu. Alipanga orodha upya, akaviweka juu vile vilivyozidi saa nyingi zaidi. Vinne vya kwanza vyote vilikuwa upande wa Kakuma, ng'ambo ya laga. Akatazama dirishani. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa milima ya Uganda. Akainua simu kumpigia dereva, akamwuliza kama gari lina mafuta ya kutosha kuondoka usiku huohuo.